Siku 1,095: maswali yenu kuhusu uraia wa Kanada

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Kanada, ambao PR, yaani ukazi wa kudumu, wanayo tayari na sasa wanautolea macho uraia. Nimejibu tano, nyingi zilizobaki zinafanana nazo.

Niliomba hifadhi Toronto. Nilisubiri miaka miwili nikakubaliwa, ikapita mwaka na nusu ndipo nikapata PR. Rafiki yangu aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alifika baada yangu, na sasa anajaza fomu za uraia. Imekuwaje?

Imekuwa hivyo kwa sababu siku zenu hazina uzito mmoja. Sheria inataka uwe umekaa ndani ya Kanada siku 1,095 katika miaka 5 iliyotangulia siku unayoweka sahihi ombi lako. Mwenzako aliletwa na mpango wa wakimbizi, kwa hiyo alishuka ndege akiwa mkazi wa kudumu na siku zake zikaanza kuhesabiwa uwanja wa ndege. Wewe ile miaka miwili ya kusubiri uamuzi haihesabiwi kabisa. Mwaka na nusu uliofuata, ukiwa umeshakubaliwa, kila siku inahesabiwa nusu, na nusu hizo zikijumlishwa haziwezi kuzidi siku 365. Hapo umepata kama 273. Zinabaki 822, yaani miaka miwili na miezi mitatu hivi tangu upate PR, kama hujatoka nje ya nchi.

Najua inauma. Ila usiombe siku ileile hesabu inapotimia. Ongeza wiki kadhaa, maana watu husahau safari. Harusi ya Detroit mliyokwenda kwa gari mkalala siku tatu huenda haikuacha muhuri popote, lakini Kanada na Marekani zinapeana taarifa za wanaovuka mpaka, na ofisa ataiona tarehe hiyo kwenye skrini yake wakati wewe fomu yako inasema ulikuwa nyumbani. Kaa chini na hati ya kusafiria, barua pepe za tiketi na kikokotoo kilichoko kwenye tovuti ya wizara ya uhamiaji, uandike kila safari. Ukipungukiwa hata siku moja, hakuna ofisa mwenye ruhusa ya kukusamehe.

Mimi ni Mkongomani, nilikuja kama mkimbizi, nina PR mwaka wa tatu. Mama ni mgonjwa Uvira. Nimeambiwa naweza kuchukua pasipoti ya Kongo nikaenda haraka nikarudi, mradi nina kadi ya PR. Ni kweli?

Pole sana, ndugu yangu, na Mungu amponye mama. Lakini usifanye hivyo, na aliyekuambia mwambie aache kuwaambia wengine.

Kadi ya PR haikulindi hapo. Ulipewa hifadhi kwa sababu ulisema nchi yako haiwezi kukulinda. Ukiomba pasipoti yake na kurudi huko kwa hiari, serikali ya Kanada inaweza kudai kwamba umejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na kuomba hadhi yako ya ukimbizi ikomeshwe. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2012, hadhi hiyo ikikomeshwa kwa sababu hii, PR nayo inaondoka. Unabaki huna kitu, baada ya miaka yote hiyo. Mara nyingi mambo haya huibuka wakati mtu anaporejea na kuulizwa maswali uwanja wa ndege, au anapoomba uraia na kuorodhesha safari zake. Mtu anapeleka fomu akitegemea kiapo cha uraia, anapokea barua ya kuitwa kujieleza.

Unachoweza kufanya ni kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi inayotolewa na Kanada. Hiyo haikupeleki Kongo, ila inakupeleka nchi nyingine ikiwa utapata viza yake. Familia nyingi hukutana Kampala au Nairobi, mgonjwa akiwa na nguvu za kusafiri. Kama umeshakwenda na pasipoti ya Kongo, usijaze fomu yoyote kabla ya kuongea na mwanasheria wa wakimbizi. Ukishakuwa raia, tishio hili la kukomeshwa hifadhi linakwisha. Kwa mkimbizi, mimi naona hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuutafuta uraia mapema, kuliko pasipoti yenyewe.

Mama yetu ana miaka 54 na miezi tisa. Kiingereza kinamshinda, Kifaransa anajua cha salamu. Atafanya mtihani wa uraia?

Mwacheni apumzike miezi mitatu. Mtihani na uthibitisho wa lugha ni vya wenye miaka 18 hadi 54, na umri unaoangaliwa ni wa siku ya kuweka sahihi ombi. Akiingia 55 hadaiwi kimojawapo.

Nyinyi watoto mtaufanya: maswali 20, dakika 45, lazima upate 15. Lugha inayopimwa ni kusikia na kuongea tu. Na wale mliosoma sekondari kwa Kifaransa Kongo au kwa Kiingereza Kenya, vyeti vyenu vinaweza kutosha bila kulipia mtihani wa lugha. Vitafuteni sasa hivi.

Mimi Mtanzania, mume wangu Mkenya, tuko Ottawa. Tukiapa, tutapoteza uraia wa nyumbani?

Mume wako hapotezi, dada. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia mwingine. Anatakiwa tu kuutangaza kwa serikali yake ndani ya miezi mitatu. Wewe unapoteza, kwa sababu Tanzania haimruhusu mtu mzima kuchukua uraia mwingine kwa hiari akabaki na ule wa awali. Kanada kwa upande wake haikudai uache chochote. Hadhi maalumu ambayo Bunge la Tanzania liliipitishia sheria mwaka 2025 inasaidia wenye asili ya Tanzania kwa mambo kadhaa, lakini siyo uraia, na kura huna. Kama una shamba Moshi au kesi ya mirathi, malizeni hayo kwanza. PR haikulazimishi kuapa: ukikaa Kanada siku 730 katika kila miaka 5, unaitunza bila shida.

Kuna jamaa anataka dola 3,000 aharakishe ombi langu. Anasema ana mtu wizarani.

Hana mtu. Fomu ni za bure, ada ya serikali kwa mtu mzima ni dola 600 na ushee, na mtoto chini ya miaka 18 ni dola 100. Ofisi za kuwasaidia wageni mjini kwenu hukagua fomu bila malipo. Mshauri wa kulipwa lazima awe mwanasheria au awe kwenye daftari la chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji. Muulize namba yake ya usajili, uitafute mwenyewe mtandaoni kabla hajamaliza chai yake.