Namba zilizoingia kwenye meseji za Baba

Baba alifundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini. Hata kwenye simu huweka mkato na nukta. Kwa hiyo nilishtuka alipoanza kuniandikia hivi: "M2anangu, h7jambo?" Tukasema simu imechoka. Kaka akamnunulia nyingine, namba hazikukoma.

Kwenye kibodi yake ukibonyeza w ukachelewa kuinua kidole, inatoka 2. Herufi u inatoa 7. Kidole cha Baba kilikuwa kinaganda. Ulipita karibu mwaka mzima ndipo daktari wa mishipa ya fahamu akatuambia ni Parkinson. Mkono haukuwa ukitetemeka hata kidogo, nasi tulidhani ugonjwa huo ni kutetemeka tu.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2016 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha utafiti juu ya jambo hilohilo. Hawakuangalia mtu ameandika nini. Walipima muda ambao kidole kinakaa juu ya kitufe, wakaona kwamba kwa wenye Parkinson changa muda huo una mpangilio tofauti na wa wasioumwa. Dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, ikipungua, misuli huwa mizito kuanza na kuacha.

Mwenye mzazi mbali, nakuomba usifute meseji za zamani. Za sauti hasa. Ya mwaka juzi Baba ananguruma; ya siku tuliyokwenda kliniki sauti imefifia, ilibidi simu uibandike sikioni. Daktari alizisikiliza zote mbili.

Ila usimpe mtu ugonjwa kwa sababu ya meseji. Kioo kilichopasuka au macho mabovu pia huharibu maandishi. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, inaweza kuleta dalili zinazofanana na Parkinson, kwa hiyo nenda kwa daktari na majina ya dawa zote anazomeza. Na mwambie mzee unachokiangalia. Mimi nilianza kimyakimya, Baba alipogundua aliumia, na alikuwa na haki.

Siku hizi sentensi ya kujipima anaichagua mwenyewe. Anaiandika kabla ya levodopa, dawa yake ya Parkinson, na tena saa moja baadaye, simu ileile, kidole kilekile. Mama anaandika saa kwenye daftari, na daftari hilo ndilo daktari analotazama anapopanga dozi.

Jana kabla ya dawa: "Mv7a 8menyesha Kibosho leo". Baadaye: "Mvua imenyesha Kibosho leo." Na nukta yake.