Uliza Mwalimu wa Mawe: Ni nani aliyelichora All Saints?

*Mwalimu, pokea salamu kutoka Kangemi. Juzi kwaya yetu iliimba katika Kanisa Kuu la All Saints. Tulipopumzika, mwenzetu mmoja alisema kanisa lile lilichorwa na Herbert Baker, yule wa jengo la mahakama pale mjini. Mwingine akabisha, ila jina lingine hakuwa nalo. Tuambie ni nani, na alikuwa mtu wa namna gani. Nieleze pia jinsi matao yale yanavyobeba mawe yote yaliyo juu ya vichwa vyetu, maana niliimba nikiyatazama na sikuelewa.* – Mwanakwaya, Kangemi

Aliyebisha ndiye msema kweli, mwanangu. Baker ana kazi zake Nairobi na hazifichiki: jengo ambalo leo ni la Mahakama ya Juu, makao makuu ya Reli, na shule ya Prince of Wales ambayo sasa tunaiita Nairobi School. Alipenda nguzo nene na mambo ya Roma na Ugiriki. Alipoanza kuchorea Nairobi alikuwa tayari na jina, maana ndiye aliyechora Union Buildings kule Pretoria na akashiriki kuijenga New Delhi. Mtu mwenye jina kubwa hupewa hata kazi za wenzake, na wengi wamempa All Saints.

Aliyelichora All Saints ni Temple Moore. Natamani kila anayeimba humo alijue jina hilo, na nitakwambia kwa nini.

Moore alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Tullamore, Ireland, akakulia Glasgow. Mwaka 1875 alikwenda London kujifunza kazi kwa George Gilbert Scott mdogo. Namwita mdogo kwa sababu baba yake, Sir George Gilbert Scott, ndiye aliyechora ile hoteli kubwa ya stesheni ya St Pancras. Scott mdogo alikuwa na kipawa kikubwa, lakini akili yake iliugua. Moore alikuwa ameanza kujitegemea mwaka 1878, na angeweza kushika njia yake akamwacha mwalimu wake na matatizo yake. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuzishughulikia kazi za mwalimu wake na kuzimalizia zile ambazo mwenyewe hakuweza tena kuzisimamia. Scott mdogo alifariki mwaka 1897, ndani ya hoteli ileile iliyochorwa na baba yake.

Baada ya miaka miwili, kijana wa marehemu aliingia katika ofisi ya Moore kama mwanagenzi. Aliitwa Giles, umri wake miaka 18, na hakulelewa na baba yake kwa sababu ya ule ugonjwa. Kwa hiyo aliyoyajua baba, mtoto aliyapata kupitia kwa mwanafunzi wa baba. Mwaka 1903, akiwa na miaka 22 tu, Giles alishinda shindano la kuchora Kanisa Kuu la Liverpool. Baadaye ndiye aliyebuni kile kibanda chekundu cha simu cha London ambacho hata asiyewahi kupanda ndege amekiona kwenye picha. Nimefundisha uashi karibu maisha yangu yote ya kazi, na ninasema bila kusita: kumrudishia mtoto wa mwalimu wako ufundi uliopewa na baba yake ni jambo kubwa kuliko jengo lolote ambalo Moore alilisimamisha.

Na majengo aliyasimamisha. Alichora makanisa mapya karibu 40, mengi kaskazini mwa Uingereza, mbali na ya zamani aliyoyakarabati. Kazi yake inayosifiwa zaidi ni St Wilfrid, mjini Harrogate. Mjini York aliifufua Treasurer's House, nyumba kongwe iliyokuwa imekatwakatwa vipande. Mtindo wake ni ule wa Kigothi, wa matao yaliyochongoka, lakini Moore hakupenda kujaza ukuta mapambo. Aliuacha ukuta uwe ukuta, akaweka akili yake yote kwenye vipimo: upana wa uwazi, unene wa nguzo, mahali mwanga unapoingilia. Fundi akikosea kwenye ukuta uliojaa nakshi, nakshi zinamfichia. Kwenye ukuta mtupu, timazi ikiyumba kidogo tu kila mtu ataona.

Jiwe la msingi la All Saints liliwekwa tarehe 3 Februari 1917 na Gavana Sir Henry Belfield. Tafakari mwaka huo. Vita Kuu ilikuwa inapiganwa upande wa Tanganyika, na mwaka huohuo wanaume wa nchi hii walisombwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi. Wengi hawakurudi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalo hadi leo pale Kariokor. Ni sharti mambo haya mawili yasomwe pamoja, la jiwe lililowekwa kwa heshima na la watu waliobebeshwa mizigo mpaka kufa, kwa sababu yalitokea chini ya serikali moja na katika mwaka mmoja.

Vita hiyo ilimfikia Moore mwenyewe. Mwanawe Richard, ambaye pia alikuwa msanifu na ndiye aliyetarajiwa kumrithi, alizama Oktoba 1918 meli ya Leinster ilipopigwa na nyambizi ya Ujerumani. Moore naye alifariki Juni 1920. Ofisi ikabaki kwa mkwewe, Leslie Moore. All Saints ilikamilika mwaka 1952, miaka 32 baada ya kifo cha aliyeichora. Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji miaka miwili tu nyuma, na kabla mwaka huo haujaisha nchi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Mtu aliyemalizia kazi za mwalimu wake naye aliacha kazi zikamaliziwa na wengine. Waashi waliopandisha mawe yale hapa Nairobi hawakuchongwa majina popote, na hilo linaniuma kila ninapopita pale.

Sasa matao. Chukua tao la nusu duara kwanza. Uzito ulio juu yake unashuka kwa pande zote mbili, lakini haushuki wima. Unasukuma miguu ya tao itanuke, hivyo nguzo zinahitaji unene au kuta za kuegemea kwa nje. Ukilichongoa tao juu, pande zake zinasimama zaidi, na uzito mwingi unafuata njia ya kwenda chini. Msukumo wa pembeni unapungua. Kuna faida ya pili ambayo wachoraji huipenda sana: tao la nusu duara, ukishajua upana wake umejua na kimo chake, kwa kuwa kimo ni nusu ya upana. Lililochongoka linakuruhusu kuweka uwazi mwembamba na mpana sambamba, vyote vikafika kimo kimoja.

Wakati wa kujenga, mafundi hutengeneza fomu ya mbao yenye umbo la tao, wakapanga mawe kutoka miguuni kwa pande zote mbili kwa pamoja, jiwe huku na jiwe kule, mpaka wakutane juu. Ukitanguliza upande mmoja, fomu inapinda. Kila jiwe huchongwa kama kabari, upande wa juu mpana kuliko wa chini, ndiyo maana haliwezi kupenya likaanguka. Mkirudi kuimba pale, simama karibu na nguzo ufuate kwa jicho mistari ya mota kati ya mawe ya tao, uone jinsi inavyogeuka kidogo kidogo kuelekea juu.

Kuta hizo zimefanya kazi ambayo Moore hangeweza kuiwaza. Machi 1992, akina mama waliokuwa Uhuru Park wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, walipigwa na polisi na kutawanywa. Walikimbilia All Saints, wakahifadhiwa katika chumba kilicho chini ya kanisa, na wakaendeleza madai yao humo kwa takriban mwaka mzima. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia hadi ndani ya kanisa lenyewe, wakawapiga watu waliokuwa wakisali. Mimi siwezi kuzungumzia mawe ya All Saints nikaacha siku hizo.

*Mwalimu, mimi ni fundi. Kanisa letu la mawe ni la zamani za wakoloni, mota inapukutika. Kamati inataka nizibe kwa simiti kisha nipige rangi nje. Nifanyeje?* – Fundi, Kiambu

Fundi, usiipige rangi, na simiti iache kwanza. Kwaruza mota ya zamani kwa msumari. Ikiwa ni nyeupe na inatoka unga, hiyo ni chokaa, na ukuta huo unapumulia kwenye mistari. Maji ya mvua yakiingia yanatokea hapo. Ukiziba kwa simiti iliyo ngumu kuliko jiwe, maji yatatafuta kutokea kwenye jiwe lenyewe, na baada ya misimu michache uso wa jiwe utaanza kubanduka wakati simiti yako imebaki imara. Jiwe ndilo usiloweza kulirudisha. Rangi nayo hufungia unyevu ndani.

Toa mota iliyolegea kwa patasi, kwenda ndani kiasi cha mara mbili ya upana wa mstari. Piga brashi vumbi litoke, lowesha. Changanya sehemu 1 ya chokaa ya kujengea na 3 za mchanga uliooshwa, maji kidogo, ikandamize vizuri. Usifanye kwenye jua kali, na funika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, maana chokaa hukauka polepole na ikiharakishwa hupasuka.

Kamati ikihofia gharama, omba nafasi ya kujaribu kwenye ukuta wa nyuma, futi chache tu. Mvua za vuli zikishapita, waite wajumbe, uwape ule msumari, wakwaruze wenyewe.