Chatu mchanga anarusha kichwa: joto kwanza, mkono baadaye

Swali: Dokta, nina chatu wa porini wa huku kwetu, bado mdogo, sentimita 70 hivi. Hii ni wiki ya pili yuko nyumbani, Lubumbashi. Kila nikifungua sanduku anajikunja, anapuliza na kurusha kichwa. Amenigonga mara mbili. Nimtoe kila siku mpaka azoee, ama nimwache?

Jibu: Kila siku ni mno, ndugu, ila kumwacha kabisa nako hakumsaidii. Chatu wa umri huo ni chakula cha mwewe, na mkono unaoshuka toka juu kwake ni mwewe. Anagonga kwa woga.

Kabla ya mkono, pima joto. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Chatu mwenye baridi hasagi chakula wala hawezi kukimbia. Kinachombakia ni meno. Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 31 hadi 33, wa pili 25 hadi 27, na kila upande uwe na maficho yanayombana mgongo, maana maficho mapana hayamtulizi. Umeme ukikatika, funga chupa za maji ya moto kwa kitambaa, uziweke upande wa joto. Mbabula (jiko la makaa) usiingize kamwe: hewa ya makala itamuua yeye, na wewe pia.

Usimguse mpaka amalize siku 7 na awe amekula mara mbili mfululizo. Kila akila, mwache saa 48. Macho yakigeuka kama maziwa, ngoja ajivue gamba, kwa kuwa haoni vizuri.

Siku ya kumshika, nawa kwa sabuni ili usinuke panya. Midomoni ana vishimo vinavyohisi joto, hivyo kidole mbele ya pua yake ni kama panya. Vaa jaketi la mikono mirefu, kisha mguse ubavuni kwa kijiti laini. Mtazame: shingo iliyojikunja inalegea, ulimi unaanza kutoka polepole. Hapo ingia. Mkono upite chini, toka ubavuni, kwa mwendo mmoja. Mwinue katikati ya mwili, mkono wa pili ubebe nyuma. Shingo na mkia usikamate. Kinachoharibu kazi kwa wengi ni mkono unaosita: ukienda na kurudi, anajifunza kwamba akirusha kichwa, mkono unakimbia.

Usimbane, mwache apite kiganja hadi kiganja. Dakika 5, mara 3 kwa wiki, zinatosha mwanzoni. Akigonga, baki umetulia mpaka alegee, ndipo umrudishe.

Aking'ang'ania, usivute! Meno yake yamepinda kwa nyuma, yatapasua ngozi na kukatikia humo. Mmiminie maji baridi kichwani, naye ataachia. Hana sumu, osha kidonda vizuri kwa sabuni.

Akiwa alishatulia kisha akabadilika ghafla, shuku ugonjwa: mapovu puani, kupumua mdomo wazi, au vidudu vidogo vyeusi katika bakuli la maji, ambavyo ni utitiri. Mlete atazamwe.

Na jipange mapema, kwa sababu chatu huyu anaweza kupita mita 4. Akifika mita 2 na nusu, usifungue sanduku ukiwa peke yako nyumbani.