Kaka kapata 3.8 kwenye dodoso la hila. Tumtoe benki?

SWALI: Tuko ndugu wanne, tunaendesha duka la vifaa vya ujenzi alilotuachia mzee. Tumejaza dodoso la sentensi 27 la kupima tabia. Kaka yetu anayeshika mauzo kapata wastani wa 3.8 kati ya 5 upande wa hila. Sisi wengine hatukufika 3. Mshauri mmoja wa mtandaoni anasema hiyo ni dalili ya mtu hatari, na tukimlipa atatuandikia ripoti. Tumwondoe kwenye sahihi za benki?

JIBU: Dada yangu, hiyo pesa msitoe.

Dodoso hilo nalijua. Ni la wanasaikolojia Jones na Paulhus, la mwaka 2014: sentensi 9 za hila, 9 za kujikweza, 9 za ukosefu wa huruma. Watafiti hulijazisha mamia ya watu, bila majina, ili kulinganisha makundi. Hakuna alama iliyowekwa kwamba ukiivuka basi wewe ni hatari. Huyo mshauri kaibuni.

Tazameni sentensi ya kwanza ya hila: inasema si busara kutoa siri zako. Kwetu aliyelelewa vizuri ataikubali moja kwa moja, maana siri ya nyumba haitoki nje, na msiri ndiye mtu wa kuaminiwa. Kwenye karatasi, adabu hiyo inahesabiwa 5 ya hila!

Halafu mlijaza kwa majina, na sahihi ya benki iko mezani. Mlaghai hasa angeona swali linakoelekea, akajiwekea 1 na 2. Huenda kaka yenu ndiye pekee aliyejibu kwa moyo mweupe, na sasa mnataka kumwadhibu kwa hilo.

Kama kuna pesa inayowatia wasiwasi, ifuateni pesa yenyewe. Hesabuni stoo, saruji mfuko kwa mfuko, nondo kwa nondo, mkiwa na mtu asiye wa familia. Linganisheni daftari la mauzo na miamala ya simu na taarifa ya benki ya miezi sita. Hundi iwe na sahihi mbili, za wawili wowote kati yenu.

Kinachoniudhi ni hawa wauza ripoti. Orodha ya mwanasaikolojia Robert Hare ya kupima usaikopathi, yaani tabia ya mtu asiye na huruma wala majuto, inayotumika hadi magerezani, humtaka mtu aliyefunzwa amhoji mhusika na kupitia kumbukumbu zake. Huyu wa kwenye simu hajawahi hata kusalimiana na kaka yenu! Nimewahi kuletewa karatasi ya familia nyingine, ambayo jina la mdogo wa mwisho limezungushiwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa "mlaghai". Stoo ilipohesabiwa haikupungua kitu. Kijana alikuwa ameshahama nyumba, na simu za mama yake hapokei.