Kwa unayeanza kuandika riwaya ya polisi wala rushwa

Miswada mingi ya upelelezi inayoletwa kwangu ina kasoro ileile: rushwa yote katwikwa mtu mmoja. Mkuu wa polisi ana jumba ufukweni, mpelelezi kijana anamfumania sura ya mwisho, pingu, basi. Msomaji anayekutana na askari barabarani kila siku anajua kwamba mambo hayako hivyo.

Kabla hujagusa sura ya kwanza, jifunze fedha inavyotembea. Mimi hupenda kuwarudisha vijana New York. Askari kanzu Frank Serpico aliwalalamikia wakubwa wake juu ya rushwa ya wenzake kwa miaka bila kusikilizwa, hadi habari zikafika gazetini, na mwaka 1970 meya John Lindsay akaunda tume chini ya wakili Whitman Knapp. Tume ilikuta kwamba askari kanzu waliotakiwa kuwakamata wachezesha kamari walikuwa wakiwatoza kila mwezi na kugawana. Fungu la askari mmoja lilianzia dola 300 au 400 katikati ya Manhattan, likafika 1,500 huko Harlem. Msimamizi aliyekuwemo alichukua fungu moja na nusu. Mgeni hakupewa kitu kwa miezi miwili hivi, mpaka wenzake waridhike kwamba hatawachoma. Siku akihamishwa, alilipwa ile miezi miwili aliyoikosa.

Yaani wizi wenye kiinua mgongo! Hapo ndipo penye riwaya. Kaa na mhusika wako ndani ya miezi hiyo miwili. Wenzake wanamchangia msiba wa mama yake, wanambadilishia zamu mtoto akiugua, na muda wote wanampima. Bahasha ya kwanza inapofika, inatoka mkononi mwa watu aliokwisha kuwapenda. Akiikataa, nani atasimama nyuma yake usiku wa msako? Februari 1971 Serpico alipigwa risasi usoni Brooklyn, mlangoni pa muuza dawa za kulevya, akiwa kazini na askari wenzake. Alipona, na Desemba akatoa ushahidi hadharani. Risasi yenyewe unaweza kuimaliza kwa aya moja. Hofu ya kutangulia mlangoni wenzako wakiwa nyuma ya mgongo wako inastahili kurasa mia.

Kuhusu ushahidi, nakusihi usimletee msomaji kompyuta yenye siri zote za idara. Andika jalada lisiloonekana siku ya kesi, saa iliyofutwa kwenye kitabu cha matukio, mahabusu asiyeandikwa popote. Huku kwetu, Juni 2016, wakili Mkenya Willie Kimani alitekwa pamoja na mteja wake, bodaboda aliyemshtaki askari kwa kumpiga risasi, na dereva wao wa teksi. Wakiwa wamefungiwa kambi ya polisi Syokimau, kipande cha karatasi ya chooni chenye ombi la msaada kilirushwa nje. Wote watatu waliuawa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu Nairobi iliwatia hatiani askari watatu na mtoa habari wao. Ukiandika juu ya watu kama hao, wape kazi, familia na ucheshi kabla hujawaua; usiwafanye maiti za kumpa mpelelezi wako hasira.

Halafu mtafute karani mstaafu wa mahakama. Muulize jalada hutokaje kituoni hadi kwa mwendesha mashtaka, hupitia mikono ya nani, na ni meza ipi linaweza kulala miezi sita bila mtu kuuliza.