Aljebra linia: ikamue matriksi moja mpaka iseme yote

Wiki za mwanzo za aljebra linia humhadaa mwanafunzi. Anakutana na matriksi (majedwali ya namba) alizozizoea sekondari, anajumlisha, anazidisha, anapata maksi nzuri kwenye jaribio la kwanza. Kisha mhadhiri anaanza kutaja nafasi ya vekta, besi na keneli, na maswali yanaanza kwa neno "thibitisha". Wengi hapo hukimbilia kukariri, na ndipo somo linapowaponyoka. Kwa vijana wa Lamu wanaojiandaa kuingia chuo, ushauri wetu ni huu: badala ya kumaliza maswali hamsini juujuu, chukua matriksi moja uiulize kila swali la kozi nzima.

Tuanze na moja ya hapa nyumbani. Katika mji wa kale mizigo hubebwa na punda, kwani vichochoro havipitishi gari. Chukua mzunguko wa njia nne: njia ya ufuoni, Usita wa Mui ulio sambamba nayo, na vichochoro viwili vya kuziunganisha. Kona ya kaskazini ufuoni iwe A, ya kaskazini kwenye Usita wa Mui iwe B, ya kusini kwenye Usita wa Mui iwe C, na ya kusini ufuoni iwe D. Punda wa kutoka A kwenda B ni x1, B kwenda C ni x2, C kwenda D ni x3, na D kurudi A ni x4. Tuseme kwa saa moja punda 30 wanaingia kutoka nje kwenye kona A na 5 kwenye D, huku 10 wakitoka kwenye B na 25 kwenye C. Hakuna punda anayebaki konani, kwa hiyo wanaofika ni sawa na wanaoondoka:

x1 − x4 = 30
x1 − x2 = 10
x2 − x3 = 25
x3 − x4 = −5

Namba zinazozidisha x1 hadi x4, zikipangwa kwa mistari minne na safu nne, ndizo matriksi yetu. Sasa punguza, yaani ondoa vigeu mstari kwa mstari. Toa mstari wa kwanza kwenye wa pili, kisha uzidishe kwa −1: unapata x2 − x4 = 20. Toa huo kwenye wa tatu, geuza alama tena: x3 − x4 = −5. Toa huo kwenye wa nne, nao unakuwa 0 = 0. (Njia hii tunaiita ya Gauss, aliyezaliwa 1777, lakini Wachina walikuwa wakiitumia zaidi ya miaka 1,500 kabla yake.)

Wengi huandika jibu hapa na kufunga daftari. Usifunge, maana kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Pivoti, yaani namba ya kwanza isiyo sifuri kwenye kila mstari uliobaki, ni tatu, kwa hiyo ranki (idadi ya pivoti) ni 3. Safu ya kigeu x4 haina pivoti, basi ni huru, kiite t. Jibu ni (30 + t, 20 + t, −5 + t, t), yaani (30, 20, −5, 0) + t(1, 1, 1, 1). Itazame vizuri hiyo vekta, yaani orodha ya namba, (1, 1, 1, 1). Ni punda wanaozunguka njia zote nne bila kuingia wala kutoka, na hiyo ndiyo keneli: mwendo usiobadilisha chochote kwenye hesabu ya nje. Ranki 3 na keneli yenye dimensheni 1 zinajumlika kuwa 4, idadi ya safu. Nadharia hiyo ukishaiona kwenye njia unazozijua, huhitaji kuikariri. Na kwa kuwa idadi ya punda haiwezi kuwa hasi, t haiwezi kupungua chini ya 5.

Halafu haribu swali kwa makusudi. Badilisha 25 iwe 24, upunguze upya. Mstari wa mwisho unakuwa 0 = −1, hakuna jibu. Sababu ni kwamba sasa wanaoingia ni 35 na wanaotoka ni 34. Vekta za upande wa kulia zinazokubali jibu ndizo nafasi ya safu, na hapa sharti lake ni moja tu: wanaoingia wawe sawa na wanaotoka. Ditaminanti, namba inayokuwa 0 pale matriksi isipotoa jibu moja pekee, nayo ni 0, na sasa unajua kwa nini.

Kosa linalokula maksi nyingi kuliko yote liko papa hapa. Ukiulizwa besi ya nafasi ya safu (vekta chache zinazotosha kuizalisha yote, bila ya ziada), tazama pivoti ziko safu ya ngapi, kisha rudi uchukue safu hizo kwenye matriksi ya MWANZO. Safu ya tatu ya mwanzo ni (0, 0, −1, 1). Katika matriksi iliyopunguzwa, safu zote zina 0 mwishoni, kwa hiyo haziwezi kamwe kuizalisha hiyo 1. Kupunguza mistari hulinda keneli na nafasi ya mistari (vekta zote zinazozalishwa na mistari), lakini nafasi ya safu hubadilika.

Kosa jingine ni kufanya hatua mbili kwa mpigo: kutoa mstari wa 2 kwenye wa 1, na papo hapo kutoa ule wa 1 wa zamani kwenye wa 2. Mistari miwili inayobaki ni hasi ya mwenzake, na mlinganyo mmoja umepotea. Andika kila hatua pembeni, moja moja.

Kwenye uthibitisho, maneno ya fasili ndiyo hatua ya kwanza. Ukiambiwa uonyeshe kuwa vekta v1, v2 na v3 hazitegemeani (hakuna inayozalishwa na nyingine), sentensi yako ya kwanza ni "Chukulia c1v1 + c2v2 + c3v3 = 0", na ya mwisho ni "basi c1 = c2 = c3 = 0". Anayeanza na sifuri hizo tatu hajathibitisha kitu. Jihadhari pia na mazoea ya namba za kawaida: matriksi mbili zisizo sifuri zinaweza kuzidishana zikatoa sifuri. Jaribu yenye mistari (1, 1) na (1, 1) mara ile yenye (1, 1) na (−1, −1), kisha geuza mpangilio uone jibu linavyobadilika.

GNU Octave ni programu ya bure, na amri ya rref(A), ambapo A ni matriksi yako wala si kona, itakuonyesha matriksi iliyopunguzwa. Itumie baada ya kumaliza kwa mkono. Kwenye chumba cha mtihani haipo, lakini kuhakiki kunawezekana: rudisha jibu kwenye milinganyo ya mwanzo mara mbili, kwa t = 0 na kwa t = 1. Ikikubali ya kwanza ikakataa ya pili, kosa liko kwenye keneli.