Mzee, mkonga wetu utafika Skeleton Coast?

SWALI: Mwakeye Mzee wa Gia, na shikamoo. Sisi ni marafiki wanne hapa Mwanga Kigoma, tuna Land Cruiser mkonga ya injini ya 1HZ, tairi 7.50R16 za tyubu, tumeifunga keria na hema juu. Tumepanga mwezi wa nane twende Namibia kupitia Zambia, tukifika Swakopmund tushike ufukwe wa Skeleton Coast pembeni kabisa mwa bahari mpaka mto Kunene mpakani na Angola, tukilala popote giza litakapotukuta. Mchanga tumeshafanyia mazoezi Kibirizi pale ziwani na gari ilitoka bila shida. Kuna kitu tunakosea?
Dereva wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na mbaya niimalize, hiyo safari kama mlivyoichora haipo. Skeleton Coast ni hifadhi ya taifa tangu 1971, na kipande cha kusini, kuanzia mto Ugab mpaka mto Hoanib, ndo watu na magari yao wanaruhusiwa kupita. Kule juu kuanzia Hoanib hadi Kunene huingii na gari lako hata ulie, wanaingia wageni wa kampuni zenye kibali na wengi wanapelekwa na vindege. Na hata huo upande wa kusini hakuna cha popote giza litakapotukuta. Unaingia geti la Ugab (lile lenye mafuvu yamechorwa mlangoni, mtapiga picha tu najua), unatokea geti la Springbokwasser, na kama hujabuku kulala Terrace Bay unatoka siku hiyohiyo, kwahiyo fikeni getini asubuhi maana mkichelewa hawawaruhusu kuingia. Kutoka Swakopmund mpaka hilo geti ni kama kilomita 200, msianze safari saa tano na supu tumboni. Torra Bay pana kambi ya mahema ila inafunguliwa Desemba na Januari tu, nyinyi mwezi wa nane mtakuta upepo na mbweha.

Mkiitaka Kunene kweli mnaizungukia nchi kavu, Opuwo kwa Wahimba, alafu huko mbele kuna njia inaitwa Van Zyl's Pass inapitwa kwa kushuka tu, mashariki kwenda magharibi, mawe kama ngazi za nyumba iliyobomoka. Na gari lenye hema na madumu juu ya keria linataka kulala ubavu kila jiwe. Safari ya kwanza mi nawaambia iacheni hiyo.

Sasa Kibirizi. Hapa ndo niliposhtuka na barua yenu, maana kosa hili nimelifanya mwenyewe. Sisi watu wa ziwa hatujui maji kujaa na kupwa. Tanganyika ukiiacha asubuhi pale kwenye mitumbwi, jioni unaikuta palepale, labda mawimbi. Bahari inakuja na kurudi mara mbili kwa siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanapanda kuliko siku zote. Wa Tanga na Kilwa wamezaliwa wanajua, sisi tunajifunza kwa aibu.

Kusini mwa Walvis Bay kuna Sandwich Harbour, kama kilomita 50 hivi, huko matuta ya mchanga yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye maji, na kati ya tuta na bahari kuna kanjia ka mchanga kanapitika maji yakipwa tu. Tulifika tukaona mchanga mpana kama uwanja wa mpira, tukasema hapahapa, tukachemsha chai na tukafungua dagaa wetu wa kutoka nyumbani, kulikuwa na ukungu na baridi ya kupiga meno maana bahari ile ni ya baridi kweli, mkondo wa Benguela huo. Tunainuka kuondoka gari halitoki, limezama mpaka difu. Chepe iko wapi, iko juu ya keria chini ya hema chini ya magodoro. Nikaanza kuchimba na sahani ya bati niliyolia dagaa. Maji ya kwanza yalipolamba tairi la nyuma kushoto nilijiambia ni wimbi kubwa tu, la pili likafika palepale, la tatu likapita. Alitukuta dereva mmoja wa watalii akatuvuta na kamba, mara mbili, mara ya kwanza kamba ilikatika. Akatuuliza ratiba ya maji yenu iko wapi, nikamjibu kwetu maji hayaendi popote. Alicheka mpaka akashika boneti.

Kwahiyo Sandwich Harbour nendeni na kiongozi wa pale Walvis Bay, na kibali cha hifadhi ya Namib-Naukluft muwe nacho, na chepe ifungwe nyuma ya mlango ambapo mkono unafika. Na kuna chumvi. Pale mnapoona uwanda umekauka unang'aa kama sakafu msikatize, juu ni ganda chini ni tope, fuateni alama za magari yaliyotangulia. Hata kwenye changarawe za jangwani msitoke njiani, alama ya tairi kule inakaa miaka na miaka, mvua ya kuifuta hakuna, na ni kosa kisheria.

Tairi sasa. Kwenye mchanga laini unapunguza upepo, hilo mnalijua, gaji inasoma psi 40 unashusha mpaka 18 hivi na gari linaelea. Lakini zenu ni za tyubu. Ukishusha sana na kukanyaga mafuta, tairi linazunguka peke yake juu ya rimu, tyubu inabaki, valvu inang'oka, na hapo pancha sio ya kuziba ni ya kutupa tyubu. Msishuke chini ya 18 hadi 20, na mwende na tyubu nne mpya, spea mbili, kompresa ya kuchomeka kwenye betri na gaji yenu wenyewe, sio ya kukadiria kwa teke. Mkirudi kwenye njia ngumu jazeni upepo kabla ya kukimbia. Barabara nyingi za Namibia ni changarawe, zina mikunjo kama bati, 80 kwa saa inatosha, wageni wengi wanaopata ajali kule hawagongani na mtu, wanajipindua wenyewe kwenye kona. Na ile barabara ya pwani, iliyoshindiliwa kwa chumvi badala ya lami, inaonekana kama lami, asubuhi ukungu ukishuka inateleza kama sabuni.

Mzigo piga hesabu hivi. Watu wanne, lita 5 za maji kila mtu kwa siku, siku tano, hizo lita 100, yani kilo 100 tayari. Madumu manne ya dizeli ya lita 20 ni kama kilo 70. Ongeza hema, majiko, na yule mwenzenu ambaye lazima abebe spika. Vizito viwe ndani chini, karibu na ekseli, juu ya keria hema na magodoro basi. Na dizeli msitegemee kituo kimoja, jazeni Henties Bay, jazeni Palmwag, kila penye pampu jazeni hata kama geji inasema bado. Kingine, mnasema mkonga mmoja. Mimi nisingeenda na gari moja. Tafuteni wa pili, hata wa kupangana naye Swakopmund.

Njia ni Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, mkichoka foleni ya malori ya Tunduma mnatokea mpakani Kasesya mnaingia Mbala, alafu Kasama, Mpika, Kapiri Mposhi, Lusaka, Livingstone, Sesheke, daraja la Katima Mulilo. Usiku msiendeshe ule mkia wa Namibia kule Bwabwata, tembo wanavuka. Kadi za njano ni mbili msichanganye, ya chanjo ya homa ya manjano na ya bima ya COMESA. Ya bima inafanya kazi Zambia, Namibia hawamo, kule anayeumia analipiwa na mfuko unaokatwa kwenye bei ya mafuta ila gari lako halihusiki, na mpakani mnalipia barabara. Kadi ya gari iwe orijino, na kama jina sio lenu barua ya mwenye gari. Baada ya Rundu kuna geti la mifugo la Mururani, nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi haipiti kwenda kusini, iliwe kabla.

SWALI: Mzee, huku kwetu mchanga upo wa kutosha, nikiweka tairi pana si yatosha, kupunguza upepo kuna ulazima gani?
Msomaji wa Ipuli, Tabora

JIBU: Upana unasaidia kidogo, ukipunguza upepo tairi inarefuka chini, mguu unakuwa mrefu kama wa bata, huo urefu ndo unabeba gari. Jaribu asubuhi mapema na jaribu saa nane mchana njia ileile, mchanga wa asubuhi una umande umeshikana, wa mchana unatiririka. Ukiona gari linazama acha mafuta, usikanyage, rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe.

SWALI: Kaka, mwanangu ni mmoja wa hao wa Mwanga. Simu haitashika huko, nitajuaje kama yuko hai?
Mama wa Gungu, Kigoma

JIBU: Pole dada. Mijini wanunue laini ya MTC itashika, ndani ya hifadhi mtandao hamna, wakodi simu ya setilaiti Windhoek au Swakopmund wagawane gharama. Mwambie akuachie karatasi, siku na mahali pa kulala, namba ya Terrace Bay, na siku ambayo akiwa hajapiga wewe unapiga polisi wa kule. Na dagaa umfungie kwenye kopo lenye mfuniko, gari ni dogo.